Aliyezaliwa Kasulu, mjukuu wa wakimbizi, akaombe mkopo wa chuo wapi?

Ticha wa Heru
Wadau, salaam. Nina mwanafunzi kazaliwa Kasulu huku Kigoma, kasoma Kasulu tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia, baiolojia), divisheni wani ya pointi 5. Babu na bibi yake waliingia kutoka Burundi mwaka 1972, wakapokelewa kijijini na kulima humo humo. Hawakupelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo wala Ulyankulu, ndiyo maana ule uraia waliopewa wakimbizi wa 1972 mwaka 2014 uliwapita. Waliopewa, zaidi ya watu 162,000, ni wa makazi yale matatu. Sasa kijana kafungua maombi ya Bodi ya Mikopo na sharti la kwanza ni uwe Mtanzania. Hata kwenye mdhamini hajafika.

Swali: ni haki asiruhusiwe hata kuomba? Sijasema apewe. Nasema aombe, apimwe kama wenzake.

Mlipakodi Mkavu
Ni haki kabisa. Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 kuwakopesha Watanzania, siyo Umoja wa Mataifa. Mimi nakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi na deni limekaa tu linanitazama. Kuna mtoto wa mkulima Singida kakosa mkopo na ana kila karatasi, halafu tuanze kumhurumia mgeni? Na tuwe wakweli, huko Kigoma nusu yenu ni Warundi, namba za NIDA za kitambulisho cha taifa mnazo na bumu, posho ya mkopo, mnakula. Huyo wako kakosa mjanja tu wa kumwonyesha mlango.

Mgebuka wa Kibirizi
Nusu yetu???

Mlipakodi, rudia hiyo sentensi taratibu. Mimi ni Muha wa Kigoma mjini, baba Muha, babu Muha. Reli ilifika kwetu mwaka 1914, kabla hujajua treni inalia vipi. Tumechoka na huu utani wenu. Nikipanda basi kwenda Dar, kizuizini wanateremka abiria wawili watatu kuhojiwa, na mmoja lazima niwe mimi, eti lafudhi. Mtu wa Kilimanjaro akiongea kama yuko Taveta haulizwi. Mmakonde mwenye shangazi Msumbiji haulizwi. Muha akisema "ndiyo" kwa kuvuta kidogo, haya, imba wimbo wa taifa.

Dada Tabata
Jamani, si asilimia 8? Mbona mimi nilisaini 8.

Mhasibu Mtaratibu
Dada, ulisaini 8, sheria ikabadilishwa mwaka 2016 ikawa 15. Kilichofutwa mwaka 2021 ni ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inalivimbisha deni kila mwaka.

Kwa Ticha nina jambo moja, na silisemi kwa ubaya. Mkopo huu haudaiwi kwa dhamana ya shamba wala nyumba. Unadaiwa kwa mwajiri kukata mshahara. Huyo kijana akimaliza udaktari bila uraia, kuajiriwa kwake kunahitaji kibali cha kazi. Akikosa kibali, Bodi inamkata nani? Mdhamini? Yule bibi wa kijijini? Kabla ya kuuliza kama ni haki aombe, uliza deni litarudi kwa njia gani.

Mlipakodi Mkavu
Mgebuka punguza jazba, hakuna aliyekutaja jina. Nimesema nusu. Kama wewe uko kwenye nusu nyingine, kunywa mawese yako ulale.

Mgebuka wa Kibirizi
Mawese hayanywewi. Hata kututukana hamjui.

Mswahili wa Hamburg
Naona mnagombana, acha nitoe mfano wa huku. Ujerumani kuna BAföG, fedha za serikali kwa wanafunzi. Nusu ni msaada hurudishi, nusu ni mkopo usio na riba, na urejeshaji una kikomo cha euro 10,010 hata kama ulichukua zaidi. Na asiye raia anaweza kupata: mkimbizi aliyetambuliwa, mwenye ukaazi wa kudumu, hata ambaye mzazi wake amefanya kazi halali huku kwa miaka mitatu kati ya sita iliyopita. Wanachoangalia ni kama mtu maisha yake yako hapa. Mwanafunzi wa Ticha kwa vigezo hivyo angeingia bila kusukumwa.

Mlipakodi Mkavu
Haya, mabeberu wamefika. Wewe uliyekimbia nchi unatufundisha kugawa kodi yetu? Rudi kwanza ulipe hata tozo.

Mswahili wa Hamburg
Sijakimbia, nimesoma. Na hiyo BAföG mimi mwenyewe SIJAIPATA, kwa taarifa yako. Nilikuja kwa viza ya mwanafunzi, na mwenye viza hiyo kwa kawaida hapewi. Kinyume chake, unatakiwa kuonyesha pesa yako mwenyewe kwenye akaunti iliyofungwa, siku hizi euro 11,904 kwa mwaka, unatoa kidogo kidogo kila mwezi. Shamba la mzee la Tukuyu liliondoka hapo. Kwa hiyo ninavyosema wanatofautisha mgeni aliyekuja juzi na mgeni aliyezaliwa hapo, najua nasema nini. Mimi ni wa juzi, nikakubali. Huyo wa Kasulu ni wa lini?

Dada Tabata
Shamba la Tukuyu liliuzwa? Na ndugu walikubali? Hebu tueleze hilo, mengine baadaye.

Mswahili wa Hamburg
Dada, hilo lina uzi wake.

Wakili wa Uswazi
Mnabishana kama mgeni apewe mkopo. Nani kawaambia ni mgeni? Someni kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Mtu wa kawaida akikisoma ataelewa kwamba aliyezaliwa nchini tangu Muungano ni raia, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na mambo kama hayo. Lakini ofisini utaulizwa baba na mama ni raia wa wapi, na mazungumzo yataishia hapo. Maandishi yana mlango, mazoea yameweka komeo. Kuna hoja nzuri pale ya kupeleka mahakamani, ila mwenye njaa na dirisha la maombi linalofungwa hawezi kusubiri rufaa.

Mlipakodi Mkavu
Wakili wa kujitolea huyo. Kila aliyezaliwa hapa ni raia? Basi na twiga aliyezaliwa zuu ya Ulaya ni Mzungu.

Mgebuka wa Kibirizi
Hapana, huyo angekuwa Mzungu kwa nusu. Nyie wataalamu wa nusu.

Kijana wa Katumba
Nimesoma kimya nikaona niseme. Mimi ni wa wale 162,000. Wazazi wangu walizaliwa Katumba, na mimi Katumba. Cheti cha uraia tulipewa nikiwa shule, mzee akakiweka kwenye bahasha tatu, moja ndani ya nyingine. Nilipokwenda kwenye dirisha moja kushughulikia karatasi zangu kabla ya kuomba mkopo, mama wa pale akakigeuza mbele nyuma akaniambia hajawahi kuona cheti cha aina hii, niende nikalete cha kuzaliwa cha babu. Babu alizaliwa Bururi. Nikarudi mara nne. Mkopo nilipata mwishoni, bumu lilikuwa bado 8,500 kwa siku, na sasa nafundisha Mpanda na nakatwa 15 kama wewe Mlipakodi. Jina langu limeandikwa kwenye hati yako hiyo hiyo ya makato, tofauti ni mstari tu.

Ninachotaka kusema ni kwamba hata ukipewa uraia, watu hawaachi kukuuliza.

Mlipakodi Mkavu
Mwalimu, wewe sina neno nawe. Una karatasi, unalipa, karibu. Mimi napinga wasio na karatasi.

Bibi Harusi wa Pili
Tusisahau Jumuiya ya Afrika Mashariki jamani. Tuko nchi sita na soko la pamoja tangu 2010, Mrundi na Mtanzania ni ndugu, wapewe mikopo wote.

Mhasibu Mtaratibu
Nane. Kongo na Somalia wameshaingia. Ukisema wapewe wote, hesabu ya Bodi inabidi uifanye kwa watu wa nchi nane, tena kutoka Mogadishu hadi Kinshasa. Soko la pamoja ni la bidhaa, kazi na mitaji. Kila nchi bado inakopesha wa kwake, Wakenya wana HELB yao.

Na bado sijajibiwa: deni linarudi vipi?

Mgebuka wa Kibirizi
Ndugu na jamaa, hadi Vita vya Kwanza vya Dunia Buha yetu sisi Waha na Urundi zote zilikuwa chini ya Mjerumani mmoja. Mpaka ulichorwa na Wazungu waliokuwa wanagawana. Kwa hiyo tukianza kuhesabu nani kavuka, tuanze na mpaka wenyewe, ndio uliovuka.

Ticha wa Heru
Naomba turudi. Hoja ya Mhasibu ndiyo ngumu na nyote mmeipita kama mwenye deni anavyopita duka la Mangi. Jibu langu, nadhani, ni kwamba ukimpa njia ya uraia kwanza, makato yanafuata yenyewe. Mwalimu wa Katumba ni ushahidi. Lakini njia hiyo inakula miaka, na huyu ana miezi. Kuna DAFI, ufadhili wa masomo wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ule unaofadhiliwa kwa sehemu kubwa na Ujerumani tangu mwaka 1992, ni kwa wakimbizi. Tatizo, kijana anasema akijiandika mkimbizi amekubali kwamba siyo wa hapa, na yeye hajawahi kuvuka hata mto Malagarasi. Nimeshindwa kumjibu. Kuna mwenye mawazo?

Dada Tabata
Mpe pole sana. Mgebuka, hivi dagaa debe ni bei gani huko siku hizi?

Mgebuka wa Kibirizi
Nitakutumia ujumbe dada. Hapa namsubiri Mlipakodi. Sijasikia samahani.

Mlipakodi Mkavu
Sawa, nimehariri bandiko langu. Nimeondoa "nusu", nimeweka "baadhi".

Mgebuka wa Kibirizi
Toa na "baadhi".