Naomba ushauri: gari langu linakula petroli kupita kiasi

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu RAV4 yangu ya petroli, ninayoiendesha hapa Bukavu, hasa kati ya Nyawera na Kadutu, na ambayo siku hizi inamaliza tangi mapema kuliko zamani. Milima, mashimo na foleni vinachangia, lakini njia ni ileile. Plagi na chujio la hewa ni vipya, na upepo wa tairi uko sawa. Hata hivyo, rimu ya nyuma kushoto hupata moto kuliko nyingine, na mshale wa joto la injini haufiki katikati hata baada ya mwendo mrefu. Je, nianze na breki inayoshika bila kukanyagwa, au na thamostati (kifaa kinachodhibiti joto la injini), kwa kuwa injini isiyopata joto hutumia petroli zaidi? Fundi anataka kwanza ninunue sensa mpya ya oksijeni (inayopima oksijeni kwenye moshi wa injini), ambayo ni ghali, na wala hajaipima iliyopo.