Nani aamue mwanafunzi aanzie hisabati gani chuoni?

Mkufunzi wa Malindi

Assalamu alaikum, walimu wenzangu. Ninafundisha katika chuo cha ufundi hapa Malindi, na nimekabidhiwa jukumu la kuratibu hisabati katika idara zote: umeme, ujenzi, upishi na biashara. Kwa sasa kila idara inajiendea yenyewe. Wanafunzi wapya hufanya jaribio la saa moja katika wiki ya kwanza, na wanaoshindwa huwekwa katika darasa la hesabu za msingi muhula mzima kabla ya kuruhusiwa kuanza kozi waliyoijia. Wengi wao hatuwaoni tena. Wastani wa KCSE, yaani mtihani wa mwisho wa sekondari, nao haunipi picha kamili, kwa sababu mtu anaweza kupata C- ya jumla kwa nguvu za Kiswahili na elimu ya dini, ilhali hisabati yenyewe ana E, alama ya chini kabisa. Je, ninyi mnawapangaje, na idara mnaziunganishaje?

Bi Hesabu, Lamu

Waalaikumu salaam, Mwalimu. Ningeanza kwa kuliondoa hilo darasa la kusubiri. Vyuo vya jamii vya Marekani vilikuwa na utaratibu kama huo kwa miaka mingi, na ikaonekana kwamba wanafunzi wengi hupotea njiani, baina ya darasa moja la marudio na linalofuata, hata baadhi ya wale waliofaulu la kwanza. Ndiyo maana California ilipitisha sheria ya AB 705 mwaka 2017, inayovitaka vyuo vizingatie alama za sekondari, na visimlazimishe mtu kurudia hesabu za chini isipokuwa iwe wazi kwamba hana matumaini ya kufaulu somo la chuo. Tennessee ilikuwa imetangulia: tangu mwaka 2015 mwanafunzi dhaifu huingia moja kwa moja katika somo la chuo na kupewa saa za msaada katika muhula huohuo. Mazingira yetu ni tofauti, lakini hati ya matokeo ya KCSE huonyesha alama ya kila somo, kwa hiyo tazameni alama ya hisabati, msiishie kwenye wastani.

Fundi Umeme

Naafikiana na Bi Hesabu, ila kwa tahadhari, kwa kuwa umeme hausamehe. Mwanafunzi akipewa pampu ya wati 3,000 kwenye volti 240, ni lazima agawanye na kupata ampea 12.5 kabla ya kugusa waya wowote. Malalamiko yangu makubwa ni juu ya mpangilio wa mada. Mimi nahitaji wajue kuhamisha herufi katika mlinganyo tangu mwanzoni mwa muhula, ilhali mwalimu wa hisabati huifikia mada hiyo wakati wanajiandaa kwa mtihani, nami hulazimika kuifundisha upya karakanani. Hata jaribio lenyewe lina kasoro. Kijana aliyekulia Matondoni, kijiji cha Lamu, kwenye uundaji wa majahazi anaweza kugawa ubao kwa shibiri na dhiraa bila kukosea, kisha karatasi ikamwonyesha kuwa hajui hesabu za sehemu.

Mpishi Mkuu

Wangu wanahitaji uwiano na asilimia, basi. Anayeweza kukuza pilau ya watu 15 iwe ya watu 60 na kukadiria gharama yake, sioni sababu ya kumzuia kwa ajili ya trigonometria.

Mkufunzi wa Malindi

Nawashukuru. Nitaomba kila idara iniandikie mada inazozihitaji na wiki inayozihitaji, kisha tupange somo kwa kufuata orodha hiyo, na jaribio libaki la kutuonyesha nani asaidiwe wapi, bila kumfungia mtu mlango. Kinachonitatiza ni saa za msaada: nani atazifundisha, ikiwa wakufunzi ni wale wale na ratiba imejaa?

Bi Hesabu, Lamu

Msiziweke jioni, Mwalimu, kwani wanaotoka mbali hawatabaki. Sisi tulizipachika ndani ya vipindi vya karakana, mwalimu wa hisabati akiingia pamoja na fundi, na saa hizo zikahesabiwa katika mzigo wake wa kazi. Hilo la mwisho lipate idhini ya mkuu wa chuo kwa maandishi kabla ya muhula kuanza.