Mume wangu mstaafu wa jeshi analala na bastola chini ya mto, nianzie wapi?

MamaZuhura: Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Tabora. Mume wangu ni mstaafu wa jeshi, aliwahi kwenda Congo kulinda amani. Bastola ni yake kihalali, leseni anayo, aliinunua alipoanza biashara ya mpunga. Inalala chini ya mto na risasi ndani. Siku hizi hapati usingizi, anakaa sebuleni gizani, na juzi kasema, "Nisingekuwepo mngepumzika." Nikigusia silaha anajibu kwamba raia hamfundishi askari. Niifiche?

Afande Mstaafu: Shemeji, usiifiche. Akiikosa itakuwa ugomvi, na ukimpelekea ndugu asiye na leseni mmejitafutia kesi. Mkumbushe kwa heshima: kambini silaha inalala ghalani, inatoka kwa saini na kurudi kwa saini. Nidhamu hiyo anaijua kuliko wewe.

Binti wa Urambo: Muombee tu dada.

Mshauri Nasaha: Maombi yaendelee, lakini maneno aliyotamka hayasubiri. Usimwache peke yake leo. Muulize waziwazi, "Baba Zuhura, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani, wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeona.

Wazo la kujiua mara nyingi hupanda kwa kasi kisha likashuka. Likimkuta silaha iko mkononi, hakuna nafasi ya kujirudi. Israel mwaka 2006 ilizuia askari vijana kwenda na bunduki nyumbani wikiendi, na kujiua kukapungua kwa takriban asilimia 40. Siku za katikati ya wiki hakukuongezeka. Marekani nako, kwa askari wa National Guard (jeshi la akiba) wa jimbo la Mississippi, washauri walikaa na baadhi yao, mmoja mmoja, mara moja tu, bila kumhubiria wala kumnyang'anya. Walimuuliza silaha anaiweka wapi, anamlinda nani, na yeye mwenyewe anaona abadilishe nini. Waliopata mazungumzo hayo, na waliopewa kufuli za waya, walizidi wenzao katika kufungia silaha.

Kwa hiyo usimwambie "toa". Muulize, "Mpaka usingizi urudi, tuiweke wapi?" Jibu litoke kwake.

MamaZuhura: Nimeongea naye baada ya isha. Nilipomuuliza alinyamaza, kisha akasema ndiyo, huwa anafikiria. Katoa risasi mwenyewe, nimezifungia kwenye sanduku la chuma, ufunguo ninao. Bastola kesho ataipeleka polisi yeye na kaka yake, waulize utaratibu wa kuihifadhi kwa muda. Hospitali ndiyo hataki kusikia. Anasema yeye si kichaa.

Mshauri Nasaha: Amefanya kazi kubwa, mwambie hivyo. Hospitali ingieni kwa mlango wa usingizi, maana hiyo shida anaikiri. Wakitoka polisi wapitilize hospitali ya Kitete, aeleze kuwa hapati usingizi, na wewe umweleze daktari yale maneno ya juzi. Usiku huu kaka yake alale hapo kwenu.

Afande Mstaafu: Akihitaji mwenzake aliyevaa gwanda wa kuongea naye, shemeji, nifuate inbox. Nipo Tabora hapahapa.