Naomba ushauri: hoho za ndani kwenye kokopiti zinadondosha maua

Wakuu, habari zenu. Nina pilipili hoho ndani ya chumba, chini ya taa za LED, kwenye kokopiti tupu, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa, hakuna udongo. Zilikwenda vizuri mpaka zilipoanza kuchanua. Sasa maua yanapukutika kabla ya kushika tunda, na majani ya chini yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani.

Nahisi ni upungufu wa magnesiamu, maana kokopiti hung'ang'ania kalsiamu na magnesiamu na kuachia potasiamu. Lakini pH (kiwango cha asidi) ya maji ninayomwagilia ni 6.0, sioni tatizo hapo. EC, yaani kipimo cha chumvi za mbolea zilizoyeyuka majini, ya maji yanayoingia ni 1.8, ya yanayotoka chini ya ndoo ni 2.9. Hapo ndipo ninapokwama: nisuuze kwanza chumvi iliyojikusanya kwa mbolea nyepesi, au niongeze magnesiamu juu ya chumvi hiyo hiyo? Kuna aliyeniambia nisuuze kwa maji matupu. Simwelewi, si yataondoka na kalsiamu pia?

Joto hufika 33 taa zikiwaka, usiku 24. Najua hoho hazipendi joto la hivyo wakati wa maua, ila je, hilo peke yake linatosha kuyaangusha yote? Feni ipo, na matawi nayatikisa kusaidia chavua (nyuki wa ndani ni mimi).

Mwenye uzoefu aniambie: wakati wa maua mnamwagilia mara ngapi kwa siku, na mnaacha asilimia ngapi ya maji itoke chini? "Subiri, itajirekebisha" nimeshaambiwa, asanteni.