Kuruta wa polisi afundishwe saikolojia, au kwata inatosha?

Ndugu zangu, tulijadili hili bila kuogopana. Kijana akimaliza depo, yaani shule ya polisi Moshi, anatoka mkakamavu, kwata anaijua, silaha anaijua. Nasema ujuzi wa kutuliza hasira zake, kumkabili aliyepagawa na kumsikiliza aliyeumizwa upewe uzito uleule, na asiyeuweza asivae sare.

Chukulia kaunta ya kituo hapa Dar, usiku. Mama kapigwa, anataka PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, akatibiwe. Anaanza na mwisho wa tukio, anarudi mwanzo, saa haikumbuki. Askari anafoka: "Mbona unajichanganya? Muongo wewe!" Kumbe aliyepata mshtuko mkubwa mara nyingi hukumbuka vipande vipande; sauti na harufu anazo, mtiririko hana. Kesi imefia hapo hapo kaunta. Dawati la Jinsia na Watoto tunalo, sawa, ila huyo kijana wa zamu ndiye anayempokea kwanza.

*Mchangiaji mmoja kanijibu: Mkuu, napinga. Panya road, kibaka wa magenge ya mtaani, na panga lake hatulizwi kwa saikolojia. Askari apewe nyumba na posho ya maana, hasira zitaisha zenyewe. Hayo masomo yataishia kwenye daftari.*

La nyumba na posho nakuunga mkono kwa moyo wote. Ila kuhusu panga, hakuna anayemnyang'anya askari silaha. Memphis, Marekani, polisi walimuua kwa risasi mtu mwenye matatizo ya akili mwaka 1987. Mwaka uliofuata wakaanzisha mafunzo ya saa 40 kwa askari wa kupokea matukio ya aina hiyo, na bunduki zao wakabaki nazo. Halafu huyo panya road ukishamkamata? Sheria ya Ushahidi inataka kwamba akikiri mbele ya polisi, iwe kwa hiari yake. Ukimtisha, wakili anaweza kuyaangusha maelezo hayo mahakamani na mtuhumiwa akarudi mtaani Mbagala. Kumhoji mtu kwa utulivu ni kazi ngumu kuliko kumpiga makofi, na hufundishwa.

Kuhusu daftari una hoja. Mhadhara hautoshi, kuruta mmoja aigize mlevi anayetukana, mwenzake amtulize, mkufunzi akiangalia. Na OCS, mkuu wa kituo, naye afundishwe, maana kijana akifika kituoni anafuata anavyofanya afande wake. Mimi ningeanzia kwa ma-OCS.

Mliopita depo, semeni: zamu yenu mlifundishwa nini kuhusu kumpokea mtu aliyeumizwa?