Steam Deck ikae sebuleni kama konsoli ya nyumba, au PS4, PS5, mini PC? Ulinganisho kwa mazingira ya kwetu

Mwana_Sakina
Wakuu habari za wakati huu. Mashine yetu ya gemu iliungua wiki tatu zilizopita, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, tivi ilikua kwenye gadi ya umeme ikapona ila mashine ilichomekwa moja kwa moja ukutani. Fundi kaifungua kasema pawasaplai na bodi vyote vimeenda. Nyumbani kuna madogo wawili, wa miaka 9 na 12, likizo inakaribia, na mimi mwenyewe nikirudi kazini napenda saa moja mbili za gemu kabla ya kulala.

Sasa shemeji yangu anakuja kutoka Ujerumani mwezi ujao na anaweza kuniletea Steam Deck (mashine ya gemu ya mkononi ya kampuni ya Valve, gemu zake unanunua kwenye duka lao la Steam) ya kioo cha LCD ya GB 256, imeshatumika kidogo. Wazo langu ikae sebuleni kwenye tivi (inchi 43), iwe ndo konsoli ya nyumba, sio ya kutembea nayo. Chaguo zingine ni PS4 Slim ya mtumba hapa mjini, kujikamua nichukue PS5, au mini PC (kompyuta ndogo) niiwekee Linux badala ya Windows kama jamaa mmoja anavyonishauri. Nimesoma sana ila wengi wanaoandika wako nchi ambazo umeme haukatiki na bando haliishi. Aliyeitumia huku Arusha au Moshi naomba anipe ukweli, mazuri na mabaya yake.

Fundi_Kaloleni
Mkuu, kabla ya bei swali ni moja, hapo nyumbani mnacheza mpira? Yaani EA FC. Kama mpira ndo gemu ya nyumba basi Deck iweke pembeni kabisa. Hizi gemu za EA FC zote kwenye kompyuta zinakuja na programu ya kuzuia wadanganyifu ambayo inataka kukaa ndani kabisa ya Windows, kwenye kiini chake, na Steam Deck inatumia Linux, kwahiyo gemu haifunguki. Sio swala la nguvu, hata ungekua na mashine ya milioni kumi yenye Linux jibu ni lile lile.

PS4 ni ya 2013 lakini mpaka FC 26 imetoka kwenye PS4. Mashine zinazofika mezani kwangu karibu zote nikibonyeza kutoa diski inatoka diski ya mpira, ndo maisha ya gemu ya huku. Mtu akikuuzia Deck bila kukuambia hili hajakutendea haki.

Kijenge_Boy
PS5 mkuu, vumilia miezi miwili mitatu uongeze hela. Inafanya kila kitu, mpira upo, picha kali, huhangaiki na setingi. Linux ni ya watu wa kompyuta.

Mangi_wa_Majengo
Niko Moshi, Deck yangu ya LCD ina mwaka na nusu iko kwenye tivi ya sebuleni kwahiyo naongea kitu ninachoishi nacho kila siku. Fundi yuko sahihi kuhusu mpira, nisipoteze muda hapo. Pia Fortnite, Call of Duty mpya, Valorant na Apex Legends hazichezeki, Apex ilikua inakubali wakaifungia Linux mwishoni mwa Oktoba 2024. GTA V stori inapiga vizuri ila ile ya mtandaoni ilifungwa Septemba mwaka huo huo. Kwa ufupi gemu yoyote ya kushindana mtandaoni iangalie kwanza kabla hujalipa, hizi zingine za stori, za kupigana, za kucheza na mtoto mmekaa kochi moja, nyingi mno zinafunguka bila wewe kugusa kitu. Gemu ni za Windows, ila Valve wana kitu kinaitwa Proton tangu 2018, kazi yake ni kufasiri maagizo ya Windows ya gemu ili Linux iyaelewe, na sebuleni hata hujui kama inatokea, unabonyeza gemu inafunguka.

Sasa nikuambie kwa nini siibadilishi. Mwezi wa nne mvua ilikua kubwa, dogo wangu yuko kwenye Cuphead anapigana na bosi ambaye kamsumbua siku mbili nzima, amebakiza kidogo tu, umeme ukaenda. Tivi imezima, feni imenyamaza, mtoto kashika kichwa tayari machozi yanataka kutoka. Nikachomoa ule waya wa USB-C, kioo cha Deck kikawaka palepale, pedi bado imeshikana kwa bluetooth, nikaiegemeza kwenye chupa ya chai mezani akaendelea gizani na akamuua yule bosi. Mashine zingine zote kwenye orodha yako hapo zingezima umeme ulipoenda. Betri yake ni ya Wh 40, gemu nzito inakupa kama saa moja na nusu mpaka mbili, nyepesi masaa mengi zaidi. Na mashine haiwezi kuunguzwa kizembe kama ilivyoungua ya kwako kwa sababu kati ya ukuta na Deck kuna chaja, ikiungua chaja unanunua chaja (bado weka gadi lakini, usinielewe vibaya).

Alafu LUKU. Chaja ya Deck ni wati 45, haiwezi kuvuta zaidi ya hapo. Masaa matatu kwa siku, siku 30, ni unit 4 na kidogo, na hapo nimehesabu inavuta mwisho wake muda wote jambo ambalo halitokei. PS5 kwenye gemu nzito inazunguka wati 200, masaa yaleyale ni unit 18. Tivi sijaihesabu, hiyo unalipa vyovyote vile.

Mama_Wawili_Njiro
Kaka Mwana_Sakina mimi nakujibu kama mzazi. Deck yetu ni ya kioo cha OLED, ya mume wangu, yeye ndo alianza nayo na saivi watoto wameichukua. Kilichonifurahisha ni Steam Families, mnakua mpaka watu sita kwenye familia moja, kila mtoto ana akaunti yake na sevu zake, gemu nilizonunua mimi wanazicheza wao, na mimi kwenye simu naweka masaa. Wa kwangu wana saa moja siku za shule na mbili wikiendi, ikifika inafunga yenyewe, kelele za "mama dakika tano" zimepungua sana. Mtoto akitaka gemu anatuma ombi linakuja kwangu, nalipa kwa kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa, bei zote ziko kwa dola kwa hiyo subirini punguzo, gemu ya dola 20 ikishuka unaikuta 5.

Jueni tu kwamba kopi moja haichezwi na watu wawili kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja. Kwenye mashine moja sebuleni haina shida. Stardew Valley na Overcooked! 2 wanacheza pamoja wote wawili na baba yao, na Stardew ni MB 500 tu kudaunlodi.

Kijenge_Boy
Dada hiyo ya masaa sikujua, safi sana. Ila bado kwa picha ya tivi ya 4K Deck haiwezi mkuu, kioo chake chenyewe ni 1280 kwa 800.

Mangi_wa_Majengo
> kwa picha ya tivi ya 4K Deck haiwezi

Hapo umesema kweli na watu wengi ndo wanapokata tamaa siku ya kwanza, ngoja nieleze vizuri. Ukiichomeka kwenye tivi, gemu nyingi zinabaki kwenye 1280 kwa 800 zikivutwa kujaza kioo cha inchi 43, picha inakua na ukungu. Inabidi uingie kwenye gemu husika, ile alama ya gia, mali za gemu, uweke rizolusheni 1920 kwa 1080. Lakini 1080 ni vidoti zaidi kidogo ya mara mbili ya vile vya kioo chake, kwahiyo gemu nzito zinaanza kukwama. Cyberpunk 2077 kwenye tivi nimeiacha 1280 kwa 720 nikawasha FSR kwenye menyu ya vidoti vitatu, inakuzwa na kunolewa, fremu 30, ukikaa kwenye sofa mita mbili na nusu inapendeza, ukisogea unaona. Hades, Cuphead hizo 1080 bila wasiwasi. 4K sahau. Kama macho yako yanataka 4K chukua PS5, sitakudanganya.

Na tivi yenyewe iweke kwenye modi ya gemu, tivi nyingi zinakuja na kulainisha picha ambako kunachelewesha mkono. Watu wanalaumu pedi kumbe ni tivi.

Linux_Usa_River
Naongezea upande wa mini PC kwa sababu ndo ninayotumia. Ina Ryzen 7 yenye picha za Radeon 780M, nguvu inaizidi Deck, RAM GB 32, nimeweka Bazzite, Linux ya gemu ambayo imejengwa juu ya Linux nyingine iitwayo Fedora na inafunguka moja kwa moja kwenye sura ile ile ya Steam, ukiwa umekaa na pedi huwezi kujua kama sio Deck. 1080 inatembea vizuri kuliko Deck. Chagua yenye AMD, Nvidia kwenye hii sura ya sebuleni bado inasumbua.

Ila naungana na Mangi kwenye umeme, mini PC haina betri, ukiitaka nunua na UPS, na hapo hesabu yote inabadilika. Pia kulala na kuamka, Deck unabonyeza kitufe inalala katikati ya gemu, kesho unabonyeza unaendelea ulipoachia. Ya kwangu siku zingine inaamka bila sauti nalazimika kuiwasha upya. Na mpira pia haupo, Linux ni Linux.

Mwana_Sakina
Asanteni sana wakuu, nimejifunza mambo mengi kuliko wiki nzima ya kusoma. Mpira tunacheza ila sio kila siku, mpwa wangu akija wikiendi ndo wanaitana. Maswali mawili, je siwezi kuweka Windows kwenye Deck kwa ajili ya FC tu? Na bando, hapa sina faiba, natumia la simu.

Fundi_Kaloleni
Windows inaingia mkuu, hata kwenye memori kadi, ila sikushauri. Madogo watalazimika kuzima na kuwasha kila wakitaka kubadilisha, setingi za sebuleni zinapotea, na Windows haijatengenezwa kutumiwa na pedi ukiwa kwenye kochi. Kama mpira ni wa wikiendi tu, tafuta PS4 Slim ya bei nafuu baadae ikae kwa ajili hiyo. Ukienda kuinunua washa, weka diski, cheza nusu saa nzima hapo hapo dukani usikilize feni. Ikianza kunguruma kama pikipiki dakika ya kumi, rudisha.

Linux_Usa_River
Kuhusu bando, Steam tangu 2023 ina kuhamisha gemu kwa Wi-Fi ya ndani. Kama mshkaji mwenye faiba ana gemu hiyo kwenye kompyuta yake na wewe umeinunua kwenye akaunti yako, unakwenda na Deck kwake, mnaweka setingi ya kuruhusu marafiki, unabonyeza kudaunlodi kwako inavuta kutoka kwake badala ya intaneti. Nilivuta gemu ya GB 70 hivyo, bando halikuguswa. Ukishazifungua mara moja ukiwa na mtandao, weka modi ya nje ya mtandao. Kwa PS4 yenye diski bado mnadaunlodi maapdeti makubwa, watu hawahesabu hilo.

Mama_Wawili_Njiro
Kaka kama uko tayari kuja Njiro faiba ipo, mume wangu ana gemu nyingi, njoo na madogo.

Mwana_Sakina
Nashukuru sana dada, nitakuja na familia nzima.

Nirudishe majibu. Jumamosi nilikua na shughuli Kibosho, nikapitia Majengo kwa Mangi na madogo wote wawili, tukakaa karibu masaa mawili. Mkubwa alicheza Street Fighter na mtoto wa Mangi, mwanzo pedi ilikua inachelewa kidogo na kila akipigwa anasema sijabonyeza hivyo. Mangi akainuka akaitoa Deck nyuma ya tivi ilipokua imejificha, akaiweka mbele kidogo pembeni ya dekoda, pedi ikatulia hapo hapo. Mdogo hakutaka kuondoka. Mkubwa njiani tukifika Boma aliniuliza kuhusu FC na nikamwambia ukweli kwamba haitakuwepo, akafikiri akasema mpira atacheza kwa binamu yake.

Nimemwambia shemeji ailete. PS4 nitaangalia mwakani. Mangi ile habu yako ya HDMI nilisahau kuangalia, nataka nimtume shemeji anunue kabisa kule.

Mangi_wa_Majengo
Karibu tena mkuu, mtoto wangu anaulizia mnarudi lini. Mwambie anunue habu ya USB-C yenye HDMI na tundu la kupitishia chaji, inaandikwa PD, hilo la chaji ndo muhimu. Ya kwangu ya kwanza haikua nalo, tivi inaonyesha safi alafu betri inashuka mpaka inazima mkiwa katikati ya gemu. Na chaja achukue ya wati 65, habu inakula kidogo chake kabla haijafika kwenye Deck. Waya wa HDMI usinunue huko, nnao wa akiba wa mita mbili, ntaupakia kwenye kosta la Arusha.