Makumbusho ya wasanii waliojifunza wenyewe: Mwanza tuanzie wapi?

Swali: Ndugu zangu, jijini Baltimore, Marekani, kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1995 kwa ajili ya wasanii ambao hawakusomea sanaa. Je, sisi wenye mafundi wanaochora mitumbwi hapa Mwanza, hatuwezi kuwa na yetu?

Jibu: Ndugu, anzia Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma ya mwezi Juni, wacheza ngoma ndio maonyesho yenyewe.

Jibu: Edward Saidi Tingatinga naye alijifunza mwenyewe, akachora kwa rangi za baiskeli mwaka 1968 kule Dar es Salaam. Mimi nahofia mlango kuliko ukuta: kiingilio kikiwa kikubwa, mvuvi aliyechora mtumbwi atabaki nje.

Muuliza swali: Nakubali, dada. Basi maonyesho ya kwanza yafanyike mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, bila kiingilio.